Jina la Malunde Kwanza

Vijana wangu wa kundi la waandishi, mwangaluka. Najua wengine mtausoma ujumbe huu mchana, wengine jioni, lakini mimi nimezoea kusalimia watoto asubuhi na sitabadilika leo. Mmeniomba niwaeleze jinsi ya kuandika istiara kwa ajili ya watoto, yaani zile hadithi zinazosimulia habari ya kuku na kumbe zinasimulia habari ya mtu. Mmoja wenu ameandika kwamba anataka kanuni. Kanuni sina. Nina miaka mingi ya ualimu hapa Bariadi na vijijini kwake, nina vidole ambavyo nahisi bado vina wino wa mashine chini ya kucha, na nina habari ya maksai wawili. Someni polepole, hakuna mtihani.

Nianze na aibu, maana ndiyo ninayoikumbuka vizuri zaidi. Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa ya tembo. Nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka chuoni na madaftari yaliyojaa maneno makubwa, nikaandika habari za Tembo Mwema aliyegawa chakula chake kwa wanyama wote wa porini. Tembo alikuwa kiongozi mwenye huruma, wanyama wadogo walikuwa wananchi, na mimi nilijiona nimefika. Sasa, shule niliyopangiwa ilikuwa upande wa kuelekea hifadhini, na sikuwahi kujiuliza jambo hilo lina maana gani kwa mtu anayelima. Nilipomaliza kusoma, mtoto mmoja aliinua mkono akataka kujua kama tembo huyu anatoka kulekule alikotoka yule aliyemaliza mahindi ya bibi yake. Mwingine akasema kwao walishinda siku mbili wakipiga madebe kuwafukuza. Darasa likageuka kikao cha malalamiko na Tembo Mwema hakupata hata mtetezi mmoja. Nilikunja karatasi zangu nikawafundisha kuzidisha.

Baada ya vipindi nilikuwa nakwenda kituo cha walimu. Kilikuwa chumba kimoja kirefu cha bati, na ndani yake mashine ya kudurufu iliyozungushwa kwa mkono. Ninyi hamkuiona. Ulipiga chapa juu ya karatasi ya nta inayoitwa stensili, herufi zikatoboa nta, ukaifunga kwenye pipa la wino, ukazungusha mpini, na kurasa zikatoka moja moja zikiwa bado na unyevu. Ukikosea neno, unapaka dawa nyekundu, unapuliza, unasubiri ikauke, ndipo unapiga tena. Kusubiri huko kulinifundisha kuandika kuliko chuo. Mtu ambaye kila kosa linamgharimu dakika tatu za kupuliza hujifunza kufikiri kabla ya kugonga.

Aliyezungusha mpini alikuwa Luhende, mtu wa Nassa, mrefu, mpole, aliyekulia nyuma ya plau ya baba yake na kusoma miaka michache tu. Alisoma kila kitu kilichopita kwenye mashine ile. Alipomaliza kumsoma Tembo Mwema alinirudishia karatasi bila kucheka, na hiyo iliniuma kuliko kicheko.

"Mwalimu Minza," akasema, "huyu si tembo. Ni mtu umemvika ngozi. Mwache kwanza awe mnyama kabisa, ale, anuke, akanyage mashamba. Mtu atajileta mwenyewe."

Nilikasirika siku mbili. Mimi nina cheti, yeye anazungusha mpini. Siku ya tatu nikarudi na hadithi nyingine, na tangu hapo, isipokuwa mara moja, sikupeleka kitu darasani kabla Luhende hajakisoma.

Mara nyingine naota chumba kile. Ni msimu wa pamba, upepo unatoka upande wa kiwanda cha kuchambulia, na nyuzi nyeupe zinapita dirishani, zinatua juu ya stensili, juu ya mabega ya Luhende, juu ya nywele zangu. Mpini unazunguka, unazunguka, na sauti yake inanitia usingizi nikiwa nimekaa na kalamu mkononi. Hadithi zangu nyingi zilikuja hivyo, mchana, nikiwa sijalala wala siko macho. Naona mnyama anapita mbele yangu, sijui anakwenda wapi, namfuata. Msiniulize inafanyikaje. Nawashauri tu msiweke simu karibu wakati huo.

Jambo jingine tuliloligombania sana ni mkia wa hadithi. Wakati ule, kila kijitabu kilimalizika na maneno "hadithi hii inatufundisha kwamba", na mimi niliyaandika kwa moyo wote. Luhende aliyachukia. Ninyi wa mjini labda hamjui ngitili: ni eneo la malisho ambalo wafugaji wetu hulifunga wakati wa mvua, majani yanaota mpaka kifuani na hakuna ng'ombe anayeruhusiwa kuingia, ili kiangazi kikija pawe na cha kula. Luhende alisema kuandika funzo mwishoni ni kuingiza ng'ombe kwenye ngitili wakati wa mvua. Mtoto anakula yote siku hiyohiyo na hakuna kinachobaki. Nilimjibu kwamba mkaguzi akija atataka kuona funzo. Akasema basi mkaguzi aandikiwe hadithi yake.

Sasa niwaeleze habari ya Doto, maana bila yeye ningekuwa bado nabishana.

Kwetu mapacha hawampi mtu kazi ya kutafuta majina. Anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na kila anayesikia jina Doto anajua kuna Kulwa mahali. Nilikuwa na mapacha wa kike darasani, watoto wa Masanja, mkulima wa pamba na mfugaji. Kwenye daftari la mahudhurio majina hupangwa kwa alfabeti, D mbele ya K. Siku ya kwanza ya darasa la kwanza nilimwita Doto, akanyamaza, na Kulwa akasimama kunieleza kwa adabu zote kwamba mkubwa ni yeye. Nikacheka, nikawa namwita Kulwa kwanza. "Nipo." Halafu Doto. "Nipo." Ikawa kawaida, na kitu kikishakuwa kawaida mtu hakikumbuki tena.

Walipokuwa waingie darasa la tatu, wakati wa likizo, Kulwa alishikwa na homa akafariki. Nilikwenda msibani. Doto alikaa karibu na mama yake, hakulia, alishika ncha ya khanga ya mama kama vile inaweza kupeperuka.

Shule zilipofunguliwa niliandika daftari jipya. Jina la Kulwa halikuwemo. Nikaita Doto Masanja. Kimya. Yuko mbele yangu, dawati la pili, ananitazama. Nikaita tena. Kimya. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Hakuitika, hakusoma kwa sauti, hakuuliza ruhusa ya kutoka. Mimi, kwa ujinga wangu wa kutaka kumkomesha, nikasema moyoni kwamba asiyeitika hayupo, nikamwekea alama ya hayupo. Nilidhani atachoka. Nikaendelea hivyo wiki tatu, mtoto amekaa mbele ya macho yangu na mimi namwandika hayupo. Ninyi mnaosoma huenda mmeshaelewa tatizo lilikuwa nini. Mimi sikuelewa, na mpaka leo nikikumbuka alama zile naona haya.

Daftari lilipofika kwa mwalimu mkuu, jina la Doto likaingia kwenye orodha ya watoro na baba yake akaitwa. Masanja alikuja na baiskeli, akavua kofia, akasikiliza anavyoelezwa habari za utoro wa mtoto ambaye alimleta shuleni mwenyewe kila asubuhi. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, mtoto mnamuona na mnaandika hayupo," akaniambia. "Kama kwenu hayupo, nitampeleka Nassa kwa shangazi yake. Kule yupo."

Shangazi huyo alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na mashamba ya mpunga na hakuwa na habari na shule. Nilijua Doto akienda Nassa hatarudi dawatini tena. Nikamwomba Masanja aniachie mpaka shule zifungwe. Akakubali, akasema siku ya kufunga atakuja na baiskeli amchukue.

Nilikwenda kituoni nikamwambia Luhende yote, hata zile alama. Hakunilaumu. Alizungusha mpini kidogo, akaanza kunisimulia maksai wa baba yake. Walikuwa wawili, Malunde na Ngosha. Malunde, yaani mawingu, alikuwa wa kijivu na alifungwa kushoto. Ngosha alifungwa kulia, upande ambao ng'ombe hutembea ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa. Malunde alikufa wakati wa kiangazi. Mvua zilipokuja baba yake alimpa Ngosha mwenzake mwingine, naye akasimama tu kwenye nira kama gogo. Nikauliza baba yake alilimaje baadaye. Luhende akasema alikuwa mdogo, alipelekwa kuchunga ndama, aliporudi alikuta shamba limelimwa.

Nikaandika siku hiyohiyo, haraka, kabla sijaacha kulia. Na kama mnavyojua, kinachoandikwa hivyo hujaa makosa ya kupulizwa. Safari hii sikumpa Luhende asome. Nilitaka Doto aisikie kesho yake.

Kosa la kwanza lilionekana mapema. Nilikuwa nimeandika kwamba mkulima alimhamishia Ngosha kushoto, mahali pa Malunde, iwe kumbukumbu ya mwenzake. Kwangu ilikuwa picha nzuri sana. Darasa la watoto wa wakulima likaangua kicheko. Maksai wa kulia umfunge kushoto? Atakupeleka mpaka Maswa, akasema mmoja. Wakaanza kunielekeza jinsi ya kufunga nira, na mimi nimesimama na chaki. Angalau Doto aliinua kichwa. Aliijua kazi hiyo, nyumbani kwao walikuwa na plau mbili.

Kosa la pili halikuwa la kucheka. Nilimaliza hivi: Ngosha akampenda mwenzake mpya, akamsahau Malunde, akalima kwa furaha, na hadithi hii inatufundisha kwamba tusikae na huzuni muda mrefu. Doto alilaza kichwa juu ya dawati akaziba masikio kwa mikono yote miwili. Nilisoma sentensi ya mwisho kwa sauti ndogo sana. Kuna watoto waliokuwa wanamtazama yeye na kuna waliokuwa wananitazama mimi, na nilitamani ardhi inimeze.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sijakisoma mahali. Nilikuwa nimeandika ng'ombe kwa sababu niliogopa kumwendea mtoto. Nilijificha nyuma ya mnyama, halafu nikamtumia mnyama huyohuyo kumwamuru mtoto aache kuhuzunika. Watoto wananusa amri hata ukiifunika kwa ngozi tatu. Ukiandika istiara, jiulize kwanza nani amejificha humo, mtoto au wewe.

Niliandika upya kwa wiki mbili. Nilimrudisha Ngosha kulia. Nilimwomba Luhende anieleze nira inavyonuka, jinsi shingo ya maksai inavyoota sugu, jinsi mtu anavyowaita kwa majina ili waanze, Malunde, Ngosha, wanapiga hatua pamoja. Nilifuta furaha, nikafuta funzo, nikafuta na yule mwenzake mpya kuwa rafiki. Kadiri nilivyofuta, ndivyo nilivyozidi kumuona Ngosha. Mchana mmoja niliamka kwenye kiti pale kituoni nikiwa na hakika kwamba amepita dirishani, na kwato zake nilizisikia. Ilikuwa mashine.

Hadithi mpya ilikatika ghafla. Mvua imenyesha, majirani wote wanalima, mkulima amesimama nyuma ya plau. Anasema, Ngosha, twende. Ngosha anasimama. Basi, imeisha hapo. Luhende aliisoma, akafuta mikono kwa tambara, akaisoma tena, akachapa nakala za darasa zima bila kuniuliza neno.

Zilikuwa zimebaki siku nne shule zifungwe. Nilisoma mpaka mwisho. Sikuuliza hadithi inatufundisha nini. Nikauliza tu: Ngosha anataka nini? Mikono ikainuka. Ana kiu. Nira inamuumiza. Mkulima hajui kazi. Anaumwa kwato. Nikawa nasema labda, labda, na mikono ikaisha. Upepo ulikuwa unaingiza vumbi kidogo mlangoni. Nilikuwa nimeshafungua kinywa niwaambie watoe madaftari, ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka uanze, nzito kidogo kwa kukaa bila kutumika.

"Hawajamwita Malunde," akasema Doto.

Hakuna aliyegeuka. Watoto wana akili, wakitaka. Nikamwambia taratibu kwamba Malunde amekufa.

"Ndiyo. Lakini ndiye anaanza."

Nilikaa. Mwalimu hakai wakati wa kipindi, lakini nilikaa. Nikaliona daftari langu pale mezani, nikamuona Kulwa wa darasa la kwanza amesimama ananieleza kwamba mkubwa ni yeye, na kila kitu kikawa wazi kiasi kwamba nilitaka kucheka na kulia pamoja. Mtoto hakuwa amekataa shule. Alikuwa anasubiri zamu yake, na zamu yake ilikuwa haifiki.

Kesho yake asubuhi nilifungua daftari nikaita jina ambalo halikuandikwa humo. Kulwa Masanja. Nje kuku wa mwalimu mkuu wakasikika. Nikasubiri muda uleule ambao mtu huchukua kuitika. Kisha nikaita Doto Masanja.

"Nipo."

Nikaweka alama. Ikatoka imepinda. Nikaenda na daftari kwa mwalimu mkuu, nikamwambia kwamba zile wiki tatu nilidanganya na mtoto alikuwepo. Alinisema sana na alikuwa na haki, kisha akalifuta jina kwenye orodha ya watoro.

Siku ya kufunga shule Masanja alikuja mapema, kabla ya mahudhurio. Alikuwa na kamba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, ya kufungia sanduku la Doto. Alisimama nje ya dirisha. Nilimuona lakini sikusimamisha kazi. Niliita majina yote mpaka nikafika kwa Kulwa, nikasubiri, nikaita Doto, na Doto akaitika. Masanja akaifungua ile kamba, akaiviringa, akaitia mfukoni, akaondoka na baiskeli bila kuaga.

Nilipomsimulia Luhende, aliusimamisha mpini, jambo ambalo hakulifanya wino ukiwa mbichi. Akasema sasa amekumbuka. Baba yake aliita majina yote mawili mpaka Ngosha akazeeka, na yeye Luhende, mtoto, alidhani ni mazoea tu ya mzee.

Vijana wangu, kwa hiyo mkiniuliza istiara ni ya nini, nitawaambia nilichokiona. Sikumfundisha Doto kitu. Nilimtafutia ng'ombe wa kusimama nyuma yake aseme, na akanifundisha mimi. Wala sikuwahi kumwambia kwamba Ngosha ni yeye, na darasa zima lilijua na halikusema. Kama ningeeleza maana, asingepata pa kusimama. Niliita jina la Kulwa mwaka ule wote. Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Doto alikuja mezani kwangu akanong'ona kwamba inatosha.

Baadaye zikaja kompyuta, stensili zikawa za kufungia karanga. Nanyi sasa mna picha za rangi na wanyama wanaosogea kwenye kioo cha simu, na baadhi yenu, nisamehewe, mna tembo wema. Doto hakuwa profesa wala mwandishi. Ana cherehani mbili sokoni Maswa na watoto watatu anaowasomea, na ndiye mhariri ninayemuogopa kuliko wote.

Luhende niliolewa naye, kama mlikuwa hamjui. Alisema ni nafuu kwake anisome nyumbani kuliko kituoni. Alifariki mwaka jana. Nyumba yetu watu walikuwa wanabisha hodi kwa jina lake, hodi kwa Luhende, na yeye ndiye aliyeitika, mimi nafuata kutoka jikoni. Baada ya mazishi watu walikuja kwa heshima wakabadilisha, wakawa wanasema hodi kwa mama, hodi kwa mwalimu. Nilikuwa nawasikia. Nilikaa kwenye kiti changu ndani na sauti haikutoka. Wengine waliacha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mlangoni wakaenda zao. Wanangu walipiga simu kutoka Mwanza na Dar, sikupokea. Mtu angeniita mkaidi na ningekubali, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa sijui kinachonizuia.

Mchana mmoja nilisikia bodaboda inasimama, miguu ikaja mpaka mlangoni. Nilimjua kwa mwendo. Hakupiga hodi. Alisimama kwanza, nami nikasikia upepo na kuku, nikaona kupitia mwanya wa mlango nyuzi mbili tatu za pamba zinapita.

"Mzee Luhende," akaita Doto.

Kisha akasubiri. Alisubiri muda uleule ambao mtu huchukua kuitika, hakuupunguza hata kidogo.

"Mwalimu Minza."

"Nipo," nikasema.